Msondo Nyuma ya Kufuli Tatu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya majini, ni ya juzi tu, gari moshi lilipokuwa bado linasimama njiani kunywa maji kama punda, palikuwa na mji juu ya mlima ukiitwa Mavumbini. Stesheni ilikuwa bondeni, mji ulikuwa juu. Mwenye kushuka alishuka akiimba, mwenye kupanda alipanda akimtaja Mungu. Kaeni vizuri. Anayetafuna amalize kutafuna.

Mavumbini kilikuwapo chama cha wanawake, na chama kilikuwa na msondo. Msondo ni ngoma ndefu, inamfika mwanamke kiunoni, ina ngozi upande mmoja, na sauti yake huisikii kwa masikio, unaisikia kwa tumbo. Binti wa chama akiolewa, msondo ulilia. Mwanachama akifa, siku ya kuondoa tanga msondo ulilia. Binti aliyekwenda mbali akirudi, msondo ulilia. Asiyeliliwa, hata akiolewa na sultani, Mavumbini walimhesabu kama mtu aliyetoka bila kuaga.

Mwanzoni msondo haukuwa na kufuli. Uliegemezwa nyumbani kwa mwenyekiti, kando ya mtungi, basi. Akaja mwenyekiti mmoja, jina lake silitaji kwa kuwa wajukuu zake wapo na wana midomo. Huyo alikuwa na kaka anayeoa mji wa pili, kaka mwenye kupenda kujionyesha. Kaka akasema, "Dada, niazime msondo." Dada akauazima kama anayeazima mchi wake. Hakuuliza mtu. Msondo ukaenda, ukapigwa na wanaume walevi, ukanyeshewa, ukarudi umepasuka ubavu. Na kabla haujazibwa, mama yake Kidawa akafa.

Huyo Kidawa mshikeni, tutakuwa naye. Tanga la mama yake liliondolewa kimya. Walipiga makofi, walipiga sinia, wapi. Mwanamke aliyewapigia wenziwe msondo maisha yake yote, akatoka duniani kama paka anavyotoka jikoni.

Kidawa hakulia. Alingoja mkutano. Mkutanoni akasimama akasema, "Kitu cha watu wengi kikilala kwa mtu mmoja, kinaamka chake. Lijengwe ghala. Ghala liwe na kufuli tatu. Funguo tatu zikae kwa watu watatu."

Wakakubali. Ikawa sheria, ikaimbwa mpaka watoto wakaijua. Mmoja asifungue. Wawili wasifungue. Watatu wafungue.

Wakaongeza ya pili, kwa sababu ya yule dada na kaka yake: mwenye jambo lake akae nje, wenziwe wajadili.

Sheria nzuri. Sina neno nazo. Hata sufuria ni nzuri mpaka uisahau motoni.

Sasa wenye funguo. Ufunguo wa kwanza alikuwa nao Bi Mwanaheri, mwenyekiti. Alishika cheo meno yake yote yakiwapo. Sasa meno yameondoka, yeye yupo. Kila mwaka watu walisema vichochoroni, "Safari hii tumpumzishe bibi." Na kila mwaka siku ya mkutano ikifika walitazamana, kisha wakamsogezea mto akae vizuri zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Nusu ya wanawake wa mji yeye ndiye somo wao, ndiye aliyewaweka ndani walipovunja ungo akawafunza mambo ya ukubwa. Mtu aliyekufunza kuwa mtu mzima utamwambiaje ashuke?

Ufunguo wa pili alikuwa nao Bi Kidawa mwenyewe, katibu. Kuandika hajui. Sheria zote zilikuwa kichwani mwake, na kichwa chake hakikuvuja.

Ufunguo wa tatu alikuwa nao Mize, mtunza vyombo. Mdogo kuliko wenziwe, mjane, miguu haitulii. Gari moshi likipita bondeni yeye husimama akalitazama mpaka moshi uishe, na mihogo inaungua. Alipewa ufunguo kwa kuwa ndiye mwenye nguvu za kujitwika msondo.

Tena kulikuwa na desturi: kila mwezi ukiandama, watatu wale wafungue, waupashe msondo moto ngozi ikaze, waupige kidogo. Mwenye kuwaita ni mwenyekiti. Lakini magoti ya Bi Mwanaheri yakaanza kumsumbua, akawa anasema, "Mwezi ujao, wanangu." Mwezi ujao ukazaa mwezi ujao mwingine. Bi Kidawa alijua. Mize alijua. Hakuna aliyemwambia bibi simama twende.

Sasa mama mwenye jambo. Anaitwa Bi Shuwea. Mwanachama wa kawaida, ufunguo hana, ulimi anao. Alikuwa na binti mmoja tu, Msimu. Msimu akampenda fundi wa reli, mtu wa leo yupo kesho kahamishwa. Bi Shuwea akasema hapana. Msimu akasema ndiyo. Wakaishi hivyo, hapana, ndiyo, hapana, ndiyo, mpaka asubuhi moja Msimu akafunga nguo zake akashika njia ya mlima. Mama akamfuata mpaka kisimani. Watu wanateka maji. Mama akasimama mbele yao akasema neno.

Akasema, "Unaolewa bila msondo kama mbuzi anayeuzwa. Basi usinikanyagie kizingiti mpaka msondo ukulilie."

Msimu akageuka. Akasema, "Nimesikia, mama." Akashuka.

Ndoo zilikuwa zimejaa lakini hakuna aliyejitwika.

Neno lililosemwa kisimani halifutwi jikoni. Miaka ikaenda. Bi Shuwea akawa anapika chakula cha watu wawili, kisha anawalaumu kuku kwamba hawamalizi makombo. Gari moshi likilia alisema, "Kelele tu," na huku mkono umeacha kazi. Kitandani alilalia ukingo mmoja, ule mwingine akautandikia shuka safi. Waliomuuliza, "Msimu hajambo?" aliwajibu, "Msimu gani, wa mvua au wa maembe?" Basi wakaacha kumuuliza, na hilo likamuuma kuliko kuulizwa.

Mwaka mmoja mkamwana wake Bi Mwanaheri, ng'ambo ya mto, akajifungua mapacha. Bi Mwanaheri akafunga safari kwenda kuwalea. Ufunguo alikuwa ameufunga pindoni mwa kanga. Wanawake walikuja kumsindikiza, macho yote pindoni.

Bi Mwanaheri akasema, "Nawaona mnavyoutazama ufunguo. Nikiuacha mtadhani nimekufa."

Wakacheka. Kicheko cha watu wenye jambo shingoni. Mize akafungua kinywa, akasema, "Safari njema, bibi." Bi Kidawa akafungua kinywa, akasema, "Wasalimie mapacha." Wakambebea mzigo wake mpaka kivukoni, na ufunguo wa chama ukavuka mto.

Haya. Siku ya gulio akaja mama mmoja muuza dagaa, akamwita Bi Shuwea pembeni. Akamwambia, "Nimetumwa na Msimu. Anasema mumewe kahamishiwa bara, mbali, huko ambako mtu harudi kwa kupenda. Watapita hapa Ijumaa kwa gari moshi, baada ya adhuhuri. Ana mtoto mgongoni, wa kike. Anasema: gari likisimama kunywa maji, msondo ukilia, nitashuka. Usipolia, nitajua. Anasema asifuatwe na mtu, yeye anangoja msondo."

Bi Shuwea akauliza, "Mtoto anafanana na nani?"

Muuza dagaa akasema, "Anafanana na mtoto. Mimi nauza dagaa, mama."

Ungedhani angekwenda mbio palepale. Hakwenda. Kuomba msondo ni kusimama mbele ya chama na kusema, neno langu la kisimani nalirudisha. Alikaa na ujumbe ule kama mtu mwenye kaa la moto kinywani. Kesho yake akaenda mpaka kwa Bi Kidawa, akafika mlangoni, akaazima chumvi. Akarudi. Siku iliyofuata akaenda kwa Mize, akafika mlangoni, akaazima kinu. Akarudi. Ikafika Ijumaa jua limeshapanda, akaenda tena kwa Bi Kidawa, akamkuta anapeta mchele.

"Bi Kidawa, nataka msondo."

"Nani kaolewa?"

"Hakuna."

"Nani kafa?"

"Bado."

"Basi?"

"Msimu anapita leo."

Ungo ukasimama hewani. Bi Kidawa akasema, "Umejua lini?"

"Siku ya gulio."

"Na siku ile uliyokuja kuazima chumvi?"

Bi Shuwea akaokota punje ya mchele chini.

"Chumvi unayo, Shuwea. Imejaa chungu, nimeiona mwenyewe. Ungesema siku ile, mtu angevuka mto akaleta ufunguo. Leo nifanye nini? Bi Mwanaheri hayupo. Wawili wasifungue."

"Utanilaumu kesho, mwenzangu. Leo ita mkutano."

Wakaitwa. Wakaja mbio, huyu na mikono ya unga, huyu na nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. Wakaingia nyumbani kwa Bi Kidawa. Bi Shuwea naye akaingia. Bi Kidawa akamshika mkono taratibu akamtoa. "Mwenye jambo lake akae nje. Usiende mbali, tutakuita utoe maelezo."

Akakaa nje, juu ya jiwe la kufulia.

Najua mmeshaanza kujikuna. Mbona asishuke mwenyewe stesheni, miguu si anayo? Alisimama ashuke. Akakumbuka, Msimu kasema msondo, hakusema mama. Akakumbuka kwamba kaambiwa asiende mbali. Akakaa tena. Na kama hamjawahi kukaa nje ya mlango ambao ndani yake watu wanajadili kitu cha maisha yenu, msiseme.

Ndani wakaanza. Wakaanza na nini? Wakaanza na mkeka. Mkeka wa mwenyekiti ulikuwa mtupu, na mkutano hauna mkuu. Sheria ya nani aukalie bibi akisafiri haikuwapo. Nani angethubutu kuitaja? Ingekuwa kama kumchimbia kaburi. Mmoja akasema akae katibu. Mwingine akasema katibu akikalia mkeka, nani atakuwa katibu? Wa tatu akasema mkeka usikaliwe, uwekewe kanga. Wakatafuta kanga. Ya rangi gani? Walibishana rangi.

Nje Bi Shuwea anasikia, "Nyekundu," anasikia, "Nyeupe ni ya msiba," naye hajui wanazungumza nini kuhusu mwanawe.

Mwisho Mize akasema, "Jamani, jua halitungoji. Tuvunje kufuli moja. Kufuli itapatikana nyingine, Msimu hapatikani mwingine."

Bi Kidawa akasema, "Leo tunavunja kwa ajili ya Msimu. Kesho mwingine atavunja kwa ajili ya kaka yake. Kila mvunjaji anakuja na machozi, Mize. Aliyeuazima msondo ukapasuka, naye alikuwa na machozi."

"Wewe mama yako hakuliliwa. Ungekuwa wa kwanza kujua uchungu wake."

"Ndiyo maana najua," akasema Bi Kidawa. "Sijasahau hata siku moja. Nikipita mbele ya ghala nasikia jinsi ambavyo haukulia."

Ndipo Mize akatia mkono kifuani, akatoa ufunguo. Si wake. Wake ulikuwa shingoni, wanauona. Akauweka sakafuni.

"Huu ni wa Bi Mwanaheri," akasema. "Kifani chake. Alinipa kanga nimfulie, ufunguo akausahau pindoni. Nikaukimbiza kwa mhunzi, akanichongea mwingine, nikaurudisha wake kabla kanga haijakauka. Sikuiba kitu. Sikufungua siku hata moja. Niliogopa tu itafika siku kama hii, na hakuna kati yetu aliyekuwa na kinywa cha kumwambia bibi."

Mnadhani walimkumbatia? Nyumba ilipasuka.

"Una funguo mbili kifuani, Mize, na unalala usingizi?"

"Mmoja asifungue. Wewe umebakiza mmoja tu uwe watatu peke yako."

"Leo ni wa Bi Mwanaheri, kesho utachonga wa Kidawa."

"Na huyo mhunzi kachonga vingapi?"

Mama mmoja mwenye unga mikononi akasema, "Msondo ungoje kwanza. Tumalize la Mize." Wakaitikia, "Kweli, tumalize la Mize." Wakalikalia la Mize. Aondolewe utunza vyombo au aonywe? Akionywa, aonywe amesimama au amekaa?

Gari moshi likalia mbali, upande wa pwani.

Bi Shuwea akasimama juu ya jiwe. Akagonga mlango. Hakuna aliyesikia, wanamjadili Mize.

Gari likalia mara ya pili, karibu. Hapo Bi Kidawa akainua mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika kama wa mtu aliyeitwa jina na marehemu. Akasema, "Sheria ilisema watu watatu. Haikusema ufunguo umechongwa na nani." Akakiokota kifani sakafuni akampa yule mwenye unga. "Shika. Wewe wa tatu. Twendeni."

Neno hilohilo angeweza kulisema tangu ufunguo ulipowekwa sakafuni. Hakulisema.

Wakakimbia ghalani. Bi Kidawa akafungua yake. Mize akafungua yake. Mwenye unga akafungua ya bibi. Mlango ukalia kwa kutu. Mize akautoa msondo kaubeba mgongoni, akausimamisha uani, Bi Kidawa akaupiga.

Ukatoa sauti ya mtu anayejipiga tumbo lililoshiba.

Ngozi ilikuwa imelegea. Miezi mingapi haijaota moto? Wakakusanya nyasi, wakawasha, wakaulaza msondo ngozi ikitazama ndimi za moto, wanaugeuza, wanaugeuza. Ngozi haiharakishwi. Ukiisogeza mno inapasuka, ukiiweka mbali haikazi. Bondeni gari limeshasimama. Wanalisikia linavyokunywa.

Bi Shuwea aliwatazama wanavyougeuza, akashindwa. Akakunja kanga akashuka mlima mbio, na umri ule. Alianguka, akainuka. Aliacha kiatu. Karibu na mwisho wa mteremko pana kichuguu. Kutoka pale unaliona gari zima. Akafika pale, akaona.

Aliona dirisha moja, mwanamke ametoa kichwa na mabega, mtoto mgongoni kafungwa kanga. Kanenepa shingo. Hakuwa akitazama njia. Alikuwa akitazama juu, mjini, kinywa wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza mvua kama inakuja.

Mama akaita. Pumzi hakuwa nayo, jina likatoka kama kikohozi.

Gari likapiga honi. Magurudumu yakaanza. Na juu, mlimani, ndipo msondo ulipolia. Ulilia vizuri. Waliokuwapo wanasema haujawahi kulia hivyo, Bi Kidawa aliupiga kama anapiga wa watu wawili.

Msimu aliusikia. Mama alimwona akiusikia. Aliinua uso, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Lakini gari linakwenda, na nani anaruka na mtoto mgongoni? Alitazama juu, kule ngoma ilikotoka, akatazama, akatazama, gari likakata kona. Mama yake alikuwa chini ya macho yake, karibu ya kutupiana kitu, na jicho la Msimu likapita juu ya kichwa chake likaenda kwenye ngoma.

Bi Shuwea alipanda mlima polepole. Aliukuta msondo bado una joto, akaweka kiganja juu ya ngozi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mnapohitajika ni hapa.

Bi Mwanaheri akarudi, mkutano ukakaa. Msondo uliwekwa katikati. Bi Mwanaheri akakaa juu ya mkeka wake, akauliza, "Nani amekosa?"

Mize akasema, "Si mimi. Bila ufunguo wangu wa wizi mlango usingefunguka mpaka leo."

Bi Kidawa akasema, "Si mimi. Nilishika mlichonipa nishike. Mlitaka mlinzi, mlipata mlinzi."

Bi Shuwea akasema, "Si mimi. Niliomba, mkanitoa nje, mkajadili rangi za kanga."

Bi Mwanaheri akasema, "Basi mimi sikuwapo, nitakosaje?"

Hapo yule mama mwenye unga, ambaye siku hizo zote hakuwa amelala vizuri, akasema, "Neno la kisimani lilikuwa, mpaka msondo ukulilie. Msondo umemlilia Msimu akiwa anaondoka. Hivi hajui kama tulimwita au tulimfukuza. Jambo halijaisha. Msondo upande gari, umfuate huko bara, ukalie mlangoni kwake. Na aubebe mwenye kosa, iwe ndiyo adhabu yake."

Wakauliza, abebe mmoja tu? Bi Kidawa akajibu, "Mmoja. Wakiubeba wawili ukapasuka, kila mmoja atamwonyesha mwenziwe kidole. Abebe mmoja, aujibie kwa jina lake."

Gari la kwenda bara lilikuwa lipite kesho yake. Kata ya kujitwikia ilikuwa sakafuni kando ya msondo, na wanawake wanne waliitazama kata ile kama watu wenye njaa wanaotazama sahani ya mgeni.

Kisha Mize akasema, "Kosa ni langu. Nilivunja amana. Ufunguo wa mwenzangu niliuchonga kwa siri, na habari yake ilipotoka ikala muda ambao ungemshusha Msimu. Mwizi ndiye wa kuadhibiwa. Tena katika nyinyi mimi ndiye mwenye shingo ya kuubeba. Na sitaficha: tangu nifiwe naangalia magari yanapita, sijui yanakokwenda. Nipeni adhabu yangu."

Bi Kidawa akasema, "Kosa ni langu. Mize alivunja sheria akafungua mlango, mimi niliitunza sheria mlango ukabaki umefungwa. Nilikuwa na njia tangu Mize alipouweka ufunguo sakafuni, nikaikumbuka gari lilipolia. Niliogopa kupasuka kwa msondo kuliko kupasuka kwa mtu. Mama yangu hakuliliwa. Nataka niupige mbele ya mlango wa mwanamke aliye hai, nimwone usoni akiupokea. Nipeni adhabu yangu."

Bi Mwanaheri akajikohoza. "Nyinyi mnajigawia kosa kama mkate, na mwenye tanuri nipo," akasema. "Nani aliyevuka mto na ufunguo? Nani aliyesema mwezi ujao mpaka ngozi ikalegea? Msondo ungekuwa umekaza, ungelia gari likiwa limesimama. Mlinyamaza kwa heshima, na mimi nikaipenda ile heshima yenu, ilikuwa tamu. Lakini Msimu nilimweka ndani mimi. Kila alichokijua cha ukubwa nilimpa mimi, na siku aliyoshuka mlima hakupita kuniaga somo wake kwa kuwa aliona aibu. Magoti yatafika. Gari lina viti. Nipeni adhabu yangu, na mkeka wangu mumpe mwingine."

Wakageuka kumtazama Bi Shuwea.

Bi Shuwea akasema, "Msinizungushe. Neno la kisimani nililisema mimi. Ujumbe niliuficha mimi, nikaazima chumvi. Kufuli zenu zilifunga siku moja, ulimi wangu umefunga miaka yote. Na mimi ndiye mama. Nipeni."

Mmoja akanong'ona, "Lakini mwenye jambo lake hukaa nje."

Bi Shuwea akasimama atoke. Ameshazoea njia.

Mize akamkamata kanga. "Kaa. Mimi sina jambo langu hapa? Kidawa hana la mama yake? Bibi hana la usomo wake?"

"Tukimtoa kila mwenye jambo lake," akasema Bi Kidawa, "mkutano utabaki na mkeka na msondo."

Wakajadili. Wengine walisema: akipelekewa na mama, Msimu ataona ni mama tu kalainika, wala si mji uliomwita; na neno lilisemwa mbele ya mji. Wengine walisema: akipelekewa na mtu mwingine yeyote, Msimu atauliza swali moja tu, mama yangu yuko wapi. Wengine walisema Kidawa ndiye mpigaji, msondo mkononi mwa asiyejua kupiga ni gogo. Wengine walisema bibi akifia njiani je. Wengine walisema Mize akipanda gari harudi, na msondo hatutauona tena. Wengine walisema hiyo ndiyo sababu hasa ya kumtuma, maana huyo angalau atafika.

Kulipopambazuka walikuwa bado wako pale. Msondo ulipashwa moto, ngozi imekaza. Kata iko sakafuni. Bondeni, mbali, upande wa pwani, gari limeanza kulia, na huko bara yupo mwanamke mwenye mtoto mgongoni ambaye hajui kama aliitwa au alifukuzwa.

Wanawake wanne, kata moja. Aliyechonga ufunguo, aliyekataa kufungua, aliyeondoka na ufunguo wa watu, na aliyefunga mlango kwa ulimi. Mlitaka kujua chama kinaendeshwaje. Haya, nyinyi ndio mkutano. Mwenye jambo lake akae nje, kama yupo asiye nalo abaki atuambie.

Je, nani alistahili kujitwika msondo ule?